Reli ya Mugeta Ilivyofika Musoma

Ukiwa mkoa wa Mara na umeshikwa na hamu ya kupanda treni, huna budi kwanza upande basi mpaka Mwanza. Habari za reli ya kufika Musoma watu wamezisikia tangu wakiwa na meno ya utoto. Wamezipigia makofi, wakazichoka. Mugeta hakuzisubiri. Alijenga reli yake mwenyewe katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake, nje kidogo ya Kiabakari, na ukimtaka Jumamosi au Jumapili baada ya misa, usihangaike kumtafuta kwingine.

Siku za kazi alikuwa fundi wa redio na simu pale barabarani, mcheshi, asiyegombana na mteja. Ikifika Jumamosi anafunga kibanda mapema, anajifungia chumbani na mota za deki mbovu, vijiti vya aiskrimu na mafungu ya waya. Vijiti ndiyo mataruma, waya ndiyo reli, na kichwa cha treni kilikuwa zamani kopo la mafuta ya kujipaka. Umeme ulitoka kwenye betri ya sola, betri ileile ambayo mkewe Pelagia aliitegemea kwa taa. Nusu ya ugomvi wa ndoa yao ulianzia kwenye betri hiyo.

Kazi ilisogea wikendi kwa wikendi. Wikendi moja Bunda ilipata kiwanda cha kuchambulia pamba, na pamba ya kweli ikarundikwa mlangoni. Wikendi nyingine Kiabakari ikapata kifusi cha mgodi wa zamani, mchanga alioutoa Buhemba na kuuchekecha kwa chujio la chai. Pelagia hajamsamehe hilo la chujio mpaka leo. Butiama ikapata vilima vyake. Musoma ndiyo iliyomtoa jasho. Alipaka kioo cha dirisha rangi ya bluu kwa chini, kikawa ziwa, akapanga mawe kando yake, akaleta reli mpaka shubiri mbili kutoka stesheni, halafu akaing'oa. Alisema kona ni kali. Wikendi iliyofuata akaitandika upya, akaing'oa tena, eti stesheni imekaa upande.

"Mugeta, treni iko wapi leo?" majirani walimtania wakipita.

"Butiama."

"Bado tu? Au imeishiwa kuni?"

Alicheka nao, lakini hakupenda swali lile.

Enzi za ujana Mugeta alipata nafasi ya kusomea mambo ya reli Tabora, yeye na rafiki yake Hezron. Mwaka huohuo baba yake alifariki. Kaka zake walikwisha kutawanyika, na Mugeta ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Kwao, kitinda mimba ndiye mwenye nyumba ya mama. Akitaka kwenda kuishi mbali, sharti mama mwenyewe amtangulie kutoka mlangoni, akae uani, amuage kwa mkono. Bila hivyo haondoki. Asubuhi ya safari Mugeta alisimama uani na begi lake. Mama yake, Wankyo, hakutoka. Alisikika humo ndani akipepeta ulezi, taratibu, kana kwamba nje hakuna mtu. Jua likapanda, basi likapita, Hezron akaenda peke yake. Mugeta akarudisha begi ndani, na jambo lile halikuzungumzwa tena katika nyumba ile.

Tangu siku hiyo aliishi kama mbuzi aliyefungwa kamba ndefu. Bunda anafika, Musoma anafika, jioni yuko nyumbani. Alimpenda mama yake na alimkasirikia mama yake, na kila usiku alilala na yote mawili. Ilimuuma. Kila alipopiga misumari alijiambia kwamba mwenye ufunguo ni yule mama mzee wa chumba cha mbele, ambaye sasa macho yake yalikuwa hayafiki zaidi ya lango.

Mwaka huu Hezron alipiga simu. Alikuwa mwalimu wa mambo ya reli huko Tabora, na Mugeta alikuwa amemrushia video ya treni yake ikipanda vilima vya Butiama. Wakubwa wa Hezron waliitazama, wakaitazama tena. Karakana yao ilitaka fundi wa kutengeneza reli ndogo za kufundishia.

"Nakuja Jumamosi," alisema Hezron. "Nikiiona inatembea mpaka mwisho, tunaondoka wote. Lakini wanataka jibu wiki hii, bwana. Kuna wengine wanaitaka hiyo nafasi."

Wiki nzima Mugeta hakupata lepe la usingizi. Ijumaa aliifikisha reli Musoma, akaigandisha kwa gundi, akatoka chumbani haraka kabla mikono haijamtuma tena kung'oa.

Jumamosi Hezron alikuja na gari lake, akaliacha barabarani, akaingia kwa miguu. Alimwamkia mama, akapewa soda, kisha wote wakajipanga chumba cha nyuma. Mugeta akaunganisha waya. Treni ikatikisika, ikatoka Bunda, ikapita Kiabakari, ikalegea kidogo kwenye vilima vya Butiama mpaka Pelagia akashika mdomo, ikashuka, ikasimama Musoma kando ya kioo cha bluu.

"Imefika?" aliuliza mama.

"Imefika, mama," alisema Hezron, akipiga makofi. "Sasa tuifungue tupakie. Kila kipande kiko kwenye ubao wake, siyo?"

Mugeta akainama kukaza waya. Hezron akachutama, akachungulia chini, akagonga kwa vidole. Hakukuwa na ubao. Bunda mpaka Musoma ilikaa juu ya matofali na saruji, vikashikana na ukuta kama benchi za udongo zinavyojengewa ukutani majikoni.

"Sisi tunaojenga hivi vitu tunajenga vipandevipande," alisema Hezron polepole, "ili siku ukihama uhame navyo. Wewe umejenga kama mtu asiyekuwa na safari."

Mugeta aliona aibu iliyomshika mpaka masikioni. Saruji ile hakuimwaga mama. Aliibeba mwenyewe kutoka dukani, mfuko kwa mfuko, akafurahi kuona inavyokauka.

"Haitoki bila ukuta kuanguka," alisema.

"Basi iacheni," akasema mama. "Na mikono yake je, nayo imejengewa hapo?"

"Hapana, mama," alisema Hezron. "Wanachotaka hasa ni mikono."

"Niachieni wikendi mbili," Mugeta alidakia. "Nijipange. Halafu ile kona ya Musoma sijairidhia."

Pelagia alicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Baba Sara, wewe Musoma unaing'oaga kila ikikaribia. Unafikiri sikuonaga?"

Mama Wankyo akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlango wa mbele, akatoka. Walimkuta uani juu ya kigoda, ameinua mkono.

Mugeta alimkimbilia. "Mama, rudi ndani. Siendi leo. Nitaenda Jumatatu."

"Nikishatoka sirudi mpaka uwe umeondoka. Nikirudi ungali hapa, ni kama nimekuita ubaki. Ndivyo ilivyo."

Kutoka upande wa ziwa mvua ilikuwa inakuja, na matone ya kwanza yakaanza kuanguka juu ya vumbi. Pelagia alileta mwavuli, mama akausukuma.

"Mama, utaumwa!"

"Siku ile nilikusikia umesimama hapa," alisema mama. "Miguu yangu ilikuwaga mizima. Ningeweza kuinuka." Akafuta maji usoni. "Nenda, baba. Nalowa."

Mugeta alimtazama mkewe.

"Nani atabaki naye?"

"Huyohuyo aliyekuwa naye ulipokuwa chumbani na treni," alisema Pelagia, machozi yakimtoka. "Nenda. Mengine tutapanga kwa simu."

Ikawa hana la kufanya, maana kila dakika aliyokawia ilikuwa inamnyeshea mama yake. Hakuchukua hata kitana. Alimgusa mama bega, akavuka uani akiwa na gundi vidoleni, akapita lango, akasimama nyuma ya ua wa minyaa, pale ambapo macho ya mama hayafiki. Alipanga angoje tu mpaka mama aingie, kisha arudi.

"Ameondoka," ilisikika sauti ya Pelagia. Kigoda kikaburutwa. Mlango ukafungwa.

Mugeta alisubiri aitwe. Alisubiri kwa masikio yote, mvua ikimpiga kichwani, na hakuitwa. Hakuna aliyekuwa amemshika sasa, hata mmoja, na miguu yake ilikataa kwenda barabarani, ikakataa kurudi. Hezron, aliyekwisha kutangulia garini, alipiga honi, akapiga tena. Mwishowe ikabidi ashuke, amfuate pale kwenye minyaa, amshike mkono na kumpandisha garini kama mgonjwa.