Kwaya ya Kukaribisha Bunduki

"Baba Byamungu, mbona wewe huimbi?"

Nilimuuliza nikiwa darasa la tano, ndani ya gari lake, tukitoka kanisani Brooklyn Park, huku ughaibuni. Akawasha waipa, na mvua haikuwepo. Mama yangu akacheka kwa haraka: "Mutoto huyu! Anauliza sawa askari wa barieri barabarani!"

Baba Byamungu anapakia maboksi kiwandani Plymouth, na Jumapili anabeba wazee wasioendesha, pia mama na mimi. Masisi, kwao kabla ya kukimbia vita, alikuwa kiongozi wa kwaya. Mama ndiye aliyenieleza: kila kundi lililoteka kilima chao lilipokelewa na kwaya, kwa sababu asiyeimba alihesabiwa ni wa upande wa pili. Leo jeshi, kesho waasi, halafu vijana wao wenyewe waliopata bunduki. Wimbo ulikuwa uleule, alioutunga yeye. Walibadilisha jina la wanaopokelewa tu.

"Tulipenda kila mtu," mama, aliyeimba naye, husema, halafu anaangalia pembeni.

Mwaka huu, 2017, Mama Maurice amefika kutoka kambini Uganda. Maurice wake aliimba besi kwenye kwaya ile; waasi walimchukua, hakurudi tena. Ibada ilipoisha, mama huyo akamshika Baba Byamungu mkono mbele ya watu wote.

"Kiongozi! Jumapili ijayo tunamkumbuka mutoto wangu. Utamuimbia wewe. Ulimupenda."

"Ndiyo, Mama," akajibu, akiangalia viatu vyake.

Jumapili ikafika. Akasimama mbele ya kwaya, akainua mkono, watu wakavuta pumzi. Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka. Akatoka nje bila koti. Mama Maurice akamfuata, nami nikamshikilia huyo mama asiteleze kwenye barafu.

Tulimkuta ameegemea gari lake.

"Kiongozi, nilikukosea nini?" Mama Maurice akauliza. "Unakataa kumuimbia?"

Baba Byamungu akaniangalia mimi kwanza, kama vile kuniambia mimi kulikuwa rahisi zaidi.

"Wewe uliniuliza zamani mbona siimbi," alisema. Kisha akamgeukia Mama Maurice. "Siku ile waasi walikuja wamevaa nguo za jeshi. Mimi nikawaimbia jina la jeshi. Wakakasirika, wakauliza, nani ametunga wimbo huu? Ulikuwa wangu, Mama. Nikawaonyesha Maurice."