Pundlik wa Bangoni na Funza Wake

Pundlik Dhote alikuwa mtu wa kawaida kabisa, na hilo ndilo jambo ambalo hakuwahi kumsamehe Mungu. Udongo wa shamba lake ulikuwa mweusi kama wa wenzake pale Savargaon, ng'ombe wake walikuwa wavivu kama wa wenzake, na pamba yake iligugunwa na funza kama pamba ya wilaya nzima ya Yavatmal, huko India. Kisha ile mbegu mpya ikaingia. Duka la pembejeo lilipewa pakiti chache za kujaribia, na Pundlik, aliyekuwa amekwenda kununua kamba ya kufungia ndama, akajikuta amesimama karibu na kaunta. Mwenye duka akamsukumia pakiti. Hiyo ndiyo busara yake yote, na ameila maisha yake yote.

Msimu ule wenzake walipuliza dawa mpaka macho yakawawasha, na funza wakaendelea kula. Shamba la Pundlik likasimama jeupe pe. Watu wa kampuni ya mbegu wakaja na kamera, wakamvisha kilemba cha rangi ya chungwa ambacho hakikuwa chake, wakampiga picha ameshika tawi lenye vitumba vinono, wakaibandika kwenye bango pale kituo cha basi. Tangu siku hiyo hapakuwa na amani. Alivaa suti ya safari hata akienda kukamua. Ukimsalimia alikujibu kwa hotuba.

"Udongoni kuna kijidudu kinaitwa bakteria," alisema, huku ameinua kidole. "Kidogo, hukioni. Kina sumu yake. Wataalamu wameichukua ile siri yake ya kutengeneza sumu, wakaipandikiza ndani ya pamba yenyewe. Funza akitafuna, tumbo linatoboka. Wewe haikudhuru, ng'ombe haimdhuru. Funza tu!"

Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini aliyasema kana kwamba yeye ndiye aliyeshika jembe akaenda kumchimbua yule bakteria.

Aliyemjua vizuri kuliko wote ni Shevanta, mjane wa mdogo wake. Waliishi ua mmoja. Shevanta ndiye aliyemwokea mikate ya mtama, ndiye aliyemwosha kikombe, na kwa desturi ya pale, kwa kuwa Pundlik ni kaka wa mume wake, hakutakiwa kumsemesha. Akipita alivuta upindo wa sari hadi kwenye paji la uso na kutazama chini. Miaka yote aliona mengi na kusema machache, na dharau yake ikapata muda wa kuiva.

Alichokuwa nacho Shevanta duniani ni kipande cha shamba kando ya kijito, kimegusana na shamba la Pundlik bila hata ua katikati. Pamba ya kipande kile ndiyo iliyomfanya awe mtu mwenye shamba, asiwe kibarua anayeishi kwa hisani. Pundlik alikuwa amekwisha kukitolea macho. Pamba ikiharibika tena, alisema, wataunganisha mashamba, maana mwanamke peke yake hawezi kilimo cha kisasa. Alisema huku akitafuna mkate uliookwa na mwanamke huyo huyo.

Na kwa nini pamba iliharibika, wakati sasa kijiji kizima kilipanda ile mbegu mpya? Hapa ndipo mtu anatamani kucheka, lakini kicheko kinagoma.

Kila boksi la mbegu mpya lilikuja na kijipakiti kidogo cha pamba ya kawaida, isiyo na sumu. Mkulima alitakiwa aipande pembezoni mwa shamba, ili funza wapate chakula humo. Pundlik alipolisikia hilo alicheka mpaka akajishika mbavu. Awapandie funza chakula! Yeye, mtu wa bango! Akaanza kuwakusanyia watu vijipakiti vyao, na watu wakampa kwa mikono miwili, maana Savargaon hawajawahi kumnyima kitu mtu aliyevaa suti. Kisha akabuni jambo ambalo hakuna kichaa wa mahali pengine angeweza kulibuni.

Kule, siku ya pili ya sikukuu ya ng'ombe, watu hutengeneza sanamu la mwanamke mbaya, Marbat, wakalizungusha vichochoroni likizomewa: "Chukua homa, Marbat! Chukua mbu! Chukua funza, nenda zako!" Kisha hulichoma mpakani mwa kijiji, na balaa za mwaka zinaondoka naye. Pundlik alilijaza sanamu tumboni vile vijipakiti. Mwaka baada ya mwaka walichoma kwa ngoma na vigelegele kitu pekee kilichowekwa ili kuwadhoofisha funza, huku wakiwaamuru funza waondoke. Watu wazima, wenye masharubu.

Funza hawakuondoka. Wakaja wengine, wadogo, wa rangi ya waridi, na hawa sumu ya bakteria waliila kama kachumbari. Anaingia kwenye kitumba akiwa mdogo kama chembe ya chumvi, tundu linajifunga nyuma yake, naye anakaa ndani anakula mbegu na kuchafua nyuzi. Nje kitumba kinang'aa. Unakuja kukivunja siku ya kuchuma, unakuta uchafu wa manjano.

Bibi shamba wa tarafa, Ujwala Khobragade, akaitisha mkutano kwenye baraza la shule. Shevanta alikaa nyuma na wanawake, upindo wake usoni.

"Funza wenye matumbo laini wote walikufa," Ujwala alisema. "Wakabaki wachache wenye matumbo sugu. Nao wakaoana na nani? Wenyewe kwa wenyewe. Mngewapandia pamba ya kawaida pembeni, pale wangebaki wale laini, sugu akaoana na laini, na watoto wao sumu ingewaua. Hicho kijipakiti kazi yake ilikuwa hiyo tu."

Pundlik akasimama, akajiweka sawa koti. "Bibi shamba, yaani wezi niwapikie pilau barazani ili wasiingie chumbani?"

Watu wakaangua kicheko. Ujwala akangoja kiishe.

"Sasa wamo chumbani, kaka," akasema, "na barazani hamjapika kitu."

Kicheko cha pili kilikuwa kidogo, na Pundlik hakushiriki.

Wakakubaliana hivi. Mazoea yao yalikuwa kuiacha pamba isimame baada ya mavuno, wakiinywesha maji ili wachume tena na tena mpaka joto liingie, na huko ndiko funza alikostarehe mwaka mzima. Safari hii kila mtu angeng'oa kabla ya mwaka mpya na kuchoma mabua. Funza akikosa kitumba kibichi, akose pa kulala. Lakini lazima wote. Shamba moja likibaki, funza wake watageuka nondo, na nondo hao watatosha kijiji kizima. Wote wakaitikia kwa kichwa. Pundlik ndiye aliyeitikia kwa nguvu zaidi, kwa sababu mbele ya mtu wa serikali shingo yake hujisogeza yenyewe.

Shevanta aling'oa. Vitumba vibichi vilikuwa bado vinaning'inia, na kila mche uliotoka udongoni ulimuuma moyoni, maana ile ilikuwa pamba, hata kama ni mbaya. Viganja vikamchubuka. Majirani nao waling'oa huku wakinung'unika. Siku aliyochoma mabua yake ya mwisho, alisikia pampu ikiunguruma ng'ambo ya mpaka. Pundlik alikuwa anainywesha pamba yake.

Jioni ile, wakati wa chakula, aliongea. Kwa desturi, alimwambia mke wa Pundlik, Indubai, ingawa mwenyewe Pundlik alikuwa ameketi pale pale mbele ya sinia.

"Dada Indu, muulize baba wa watoto: hivi kijiji kizima kimeng'oa, yeye anamnywesha nani maji?"

"Mwambie huyo," Pundlik akamwambia mkewe, macho kwenye mkate, "pamba yangu haina funza. Asiye na homa hanywi dawa."

"Dada Indu, mwambie nondo hawaulizi mpaka. Msimu ujao watakuja kutaga kwangu. Na kipande changu kikiharibika tena, si ndiyo anakichukua yeye?"

"Mwambie kilimo si porojo za jikoni."

Indubai, maskini, aligeuza shingo huku na huku mpaka akachoka. "Kwani nyinyi mna masikio ya mapambo? Ambianeni wenyewe! Mimi mkate wangu unapoa."

Ukweli ulikuwa mwingine, na Shevanta aliujua. Kampuni ilikuwa imeahidi kuleta wageni kutoka vijiji vya jirani kuliona shamba la mtu wa bango, na kumpiga picha mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imepauka na mbuzi walikuwa wameila kona. Kung'oa pamba kulikuwa ni kukiri ana funza. Basi kijiji kizima kiliwe, Shevanta apokonywe kipande chake, mradi Pundlik apate bango lisilo na meno ya mbuzi. Mwanamke alilala akiwaza kwamba hata funza ana aibu kuliko huyu, kwani funza walau hujificha anapokula.

Wageni wakaja asubuhi, na afisa mauzo mwenye miwani ya jua, na mpiga picha. Shevanta akatumwa na sinia la chai. Alipofika shambani, Pundlik alikuwa ameinua tawi juu, kilemba kipya kichwani.

"Tazameni kitumba hiki! Zungusheni! Mtu aniambie ameona tundu!"

Wageni wakazungusha, wakatikisa vichwa. Hawakuona tundu.

Shevanta akatua sinia chini. Akakwanyua kitumba cha mche ule ule, akakiweka juu ya jiwe, akakiponda kwa jiwe jingine. Ndani, katikati ya uchafu wa manjano, funza mwenye rangi ya waridi akajinyonganyonga kwa kuamshwa vibaya. Shevanta akamweka kiganjani. Akausukuma upindo wa sari nyuma ya masikio, akamtazama kaka wa mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Shemeji," akasema, "na huyu nimmiminie chai?"

Mgeni mmoja akapaliwa. Pundlik akaliachia tawi. Shevanta akaponda kingine.

"Na huyu je? Huyu kanona, bila shaka ndiye mwenyekiti wao."

"Nyamaza! Wanatoka shambani kwako hao!"

"Kwangu?" Akanyoosha mkono ng'ambo ya mpaka, kwenye udongo mtupu na majivu. "Kwangu watakula nini, vumbi? Mimi nimeng'oa. Kijiji chote kimeng'oa. Wewe umebaki unafuga."

Sasa wageni wenyewe walikuwa wanakwanyua na kuponda, mmoja akiita, "Huku wamo wawili!" kwa furaha ya mtu aliyeona msiba si wake. Afisa mauzo alivua miwani, akaivaa tena, akakumbuka ana mkutano mjini. Mpiga picha alifungasha kamera bila kuaga.

Pundlik aling'oa wiki ile ile. Si kwa akili, msimsingizie. Aling'oa kwa fedheha, na aliyemuuliza alimjibu kwamba anapisha dengu.

Mvua ziliporudi, Shevanta alipanda, na pembezoni mwa kipande chake akapanda kijipakiti chote cha pamba ya kawaida. Pundlik alipopita na gunia la kukusanyia vijipakiti, Shevanta alimwambia, moja kwa moja tena, kwamba akikitaka aje akichimbue punje kwa punje. Funza hawakwisha, hakuna aliyeahidi muujiza. Lakini walikuwa wachache, hata mtu angeweza kuwatoa kwa mkono. Vitumba vikapasuka safi. Neno la kuunganisha mashamba halikusikika tena uani.

Na wageni wakaja tena. Safari hii waliletwa na watu wa serikali, kutazama kijiji kilichomshinda funza. Na nani aliyewapokea kituoni, chini ya sura yake mwenyewe iliyoliwa na mbuzi? Aliwapeleka moja kwa moja hadi kwenye kipande cha kando ya kijito, akasimama juu ya tuta la Shevanta, akainua kidole.

"Siri ni kijipakiti," akasema. "Na kung'oa mapema. Nilianza kuwaambia watu hawa zamani sana. Watu wa kijijini ni wagumu, mnajua! Hasa wanawake. Huyu mke wa marehemu mdogo wangu, ilibidi nimbembeleze mno."

Watu wa Savargaon waliokuwepo walisikia yote. Wakatazama vidole vya miguu yao, na mmoja, Mungu amlaani, akapiga makofi.

Shevanta alikuwa hatua chache tu kutoka pale, upindo wa sari mabegani. Alimtazama Pundlik. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa. Alimtazama tu, kwa utulivu, mpaka kidole kilichoinuliwa kikaanza kushuka. Jasho likamtoka mwanamume chini ya kilemba. Neno moja la Shevanta lingetosha kummaliza, na wote wawili walilijua hilo.

"Si ndiyo hivyo, Shevanta?" akauliza. Hakuwahi kumtaka maoni maishani mwake. "Waambie wageni. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Wageni wakageuka kumtazama yeye. Afisa mmoja akatoa kalamu mfukoni.

Shevanta alimwona vile alivyokuwa, mzee mnene mwenye koti lililochakaa viwiko, akimwomba uongo kama mtoto anavyoomba sukari, na akaona hata neno "hapana" ni heshima asiyostahili kupewa. Akajifunga nguo ya kuchumia kiunoni, akapita katikati ya wageni, akaenda kuchuma pamba yake.

"Shevanta?" Pundlik akaita. "Shevanta, waambie basi!"

Aliendelea kuchuma.