Mwashi wa Daraja la Tatu

Nilikuwa nimejenga nusu ya mtaa wetu wa Makorora kabla mtu yeyote hajaniuliza kama najua kujenga. Nusu natia chumvi, lakini si nyingi. Niliwajengea watu nyumba, nikawajengea mabanda ya kuku, na mwisho nikawajengea makaburi, na hakuna marehemu hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Basi katika ile miaka ya hamsini serikali ikaanza kujenga shule kubwa pale mjini Tanga. Nilikwenda kuomba kazi na mwiko wangu kwapani, kanzu safi, na uso wa mtu anayetarajia kubembelezwa. Msimamizi akaniuliza, "Cheti chako kiko wapi?"

"Cheti cha nini?"

"Cha uashi. Siku hizi asiye na cheti hajengi. Atabeba zege pamoja na vibarua mpaka afanye mtihani."

Nikamwonyesha viganja vyangu, jinsi chokaa ilivyovila. Akasema mikono ya namna hiyo hata dobi anayo.

Nilirudi nyumbani nimefura. Mke wangu alikuwa uani anakuna nazi. Nikamweleza jinsi serikali ilivyonivunjia heshima, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Si ufanye huo mtihani, baba watoto? Au unaogopa?"

"Niogope nini? Mimi ndiye ningefaa kuwatahini wao."

"Haya, kawatahini," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Mtihani ulifanyika katika uwanja wa karakana ya serikali. Nilipofika, mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa mwashi mwenzangu wa mtaani, Mbondei mmoja mrefu ambaye tulikuwa hatusemezani. Ugomvi wetu ulikuwa wa dini, au karibu na dini. Mimi ndiye niliyejenga ukuta wa kibla wa msikiti wetu mdogo, na yeye, baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya watu, akasema ukuta ule hauelekei Makka, unaelekea Maramba, kule mashambani. Nikamjibu kwamba zile dohani za kutolea moshi anazojisifia kuwajengea Wazungu kule milimani Amani, kwenye baridi, yeye alikuwa mchota maji tu. Tangu hapo ikawa kimya. Na kwa kuwa alinizidi umri, kila tukikutana nilipaswa kumpa shikamoo, nami kila mara niliimeza.

Mtahini alikuwa Mzungu mwenye kaptura pana na magoti mekundu, na Kiswahili alichokiokota kwenye mashamba ya mkonge. Akatugawia kila mmoja tofali, saruji, na ramani ya pembe ya nyumba yenye mlango na dirisha. Mimi nilijenga pembe yangu haraka, bila haja ya vyombo. Timazi yangu, ile risasi ya kuning'iniza kwenye uzi ili kuona kama ukuta umesimama wima, niliiacha ikalala kwenye kikapu. Mtahini akaja na pima maji yake, akaiweka huku, akaiweka kule. Ukuta ulikuwa sawa kabisa. Nikaanza kutabasamu.

"Wewe napima na nini?"

"Kwa jicho, bwana."

"Jicho yako leo iko mzuri. Kesho jicho iko na homa, ukuta naanguka juu ya mtoto ya shule. Rudi mwezi ingine."

Kilichoniokoa siku ile ni yule Mbondei. Alikuwa ameshika ramani juu chini, na mlango wake akauweka mahali pa dirisha. Naye akaambiwa arudi mwezi ingine. Nilicheka peke yangu njia nzima. Bila hicho kicheko sijui kama ningefika nyumbani.

"Umewatahini?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia yaliyotokea, nikaongeza kwamba mtu mwenye jicho kama langu hana haja ya kuning'iniza risasi kwenye uzi kama mvuvi wa changu. Mke wangu alikuwa na biashara ndogo ya kuuza mchele barazani. Akanitazama.

"Mtu akija hapa kununua mchele, nampimia kwa kibaba au kwa jicho?"

"Kwa kibaba."

"Kwa nini? Jicho langu bovu?"

Nikaenda kuoga. Lakini tangu kesho yake nilitembea na timazi kila mahali, kama mganga na hirizi zake. Jioni nilichora ramani za nyumba kwa mkaa kwenye ukuta wa uani, na mke wangu akawa mtahini wangu. Alikuwa mkali kuliko Mzungu. "Hili jiko la nani, la sungura? Na mgeni akitaka kwenda msalani apite chumbani kwangu?" Nilifuta na kuchora mpaka ukuta mzima ukawa mweusi, na akanilazimisha kuupaka chokaa.

Siku ya mtihani wa pili, mtahini akatupanga mimi na yule Mbondei kwenye ukuta mmoja. Mimi nianze pembe hii, yeye aanze pembe ile, tukutane katikati. Nadhani hakujua habari zetu. Au alizijua.

Tulijenga kimya. Nilisimamisha timazi, nikavuta uzi, nikalowesha tofali zangu, kila kitu kwa adabu. Naye vivyo hivyo upande wake. Tulipokutana katikati, mstari wangu wa tofali ulikuja kugonga tumbo la tofali lake. Kila mmoja alikuwa na unene wake wa saruji, na kila mstari ulikuwa umeongeza kidogo, mpaka ukuta mmoja ukawa kuta mbili zinazotazamana kwa dharau.

Mtahini akauangalia, kikombe cha chai mkononi.

"Nyinyi iko bubu?"

"Hapana, bwana."

"Basi sema." Akaenda zake.

Tulisimama pale. Wengine waliokuja kutahiniwa walikuwa wameacha kazi wanatutazama. Hatimaye nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu. "Imechelewa. Saruji yako nene kama uji."

"Na yako nyembamba. Kwani unaogopa itakwisha?"

"Kipimo chako kiko wapi?"

"Chako je?"

Hatukuwa nacho sote wawili. Akaanza kucheka yeye, kicheko cha puani, kisha nami nikashindwa kujizuia. Tukabomoa. Tukatafuta fito mbili, tukazitia alama pamoja, alama moja kwa kila mstari wa tofali, kila mtu akasimamisha yake kwenye pembe yake, tukaanza upya. Safari hii tulizungumza. Aliniambia kwamba kule Amani alijenga kweli, na kwamba dohani moja ilirudisha moshi wote ndani, Wazungu wakatoka nje wanakohoa na mbwa wao. Kisha akangoja nami nikiri jambo kuhusu kibla. Nikamwomba anipitishie tofali.

Mistari ikakutana. Mtahini akapima, akaupiga ukuta teke, ukuta ukatulia. Akaniuliza kwa nini tofali linaloweshwa.

"Tofali kavu lina kiu, bwana. Litakunywa maji yote ya saruji, na saruji itakufa."

Akaandika. Tukapita wote wawili, daraja la tatu. Tulipeana mikono kwa fahari kubwa, kwa sababu tulidhani madaraja yanahesabiwa kama ghorofa, kwamba la tatu liko juu ya la kwanza. Karani aliyetuandikia vyeti ndiye aliyetufahamisha.

"La tatu kati ya mangapi?" mke wangu akauliza.

"Matatu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakichukua cheti, akakipeleka kutiwa kioo, akakitundika sebuleni. Majirani aliwaambia nimepasi mtihani wa serikali, basi.

Tulipofika kwenye ile shule, msimamizi alisoma vyeti vyetu kwa makini, akatupeleka kujenga vyoo. Nilipanda jukwaani. Kibarua mmoja akanipandishia karai la saruji, akasema, "Fundi, shika." Nilikuwa nikiitwa fundi tangu sina ndevu. Lakini asubuhi ile niliitikia kama mtu aliyeitwa hivyo kwa mara ya kwanza, nikaona haya, nikamwambia saruji yake kavu, aende akaongeze maji.