Mtu wa Chini Kisimani

Siku hizi uwanja wa Lodwar una saruji, na kila kijana akiupata mpira anaudunda peke yake kama mali ya urithi; zamani zile palikuwa na changarawe na pete ya chuma ya pipa, lakini mpira wa kikapu ulipita mikononi mwa watu kama maji ya kisimani.

Na kweli mchezo ule ulichotwa kisimani. Mwalimu Barasa, mtu wa Bungoma aliyeifundisha timu, aliwakuta watu wakinywesha mbuzi katika laga, mto wa msimu uliokauka: mmoja chini kabisa ya shimo, wengine wamekanyaga vipandio juu yake, karai linapanda mkono kwa mkono huku wakiimba. Aliyekuwa chini aliitwa Losike. Alikuwa mrefu, mkimya, na mikono yake haikuangusha kitu. Barasa akamwita uwanjani.

Losike aliitikia kwa sababu moja tu: alitaka kuondoka. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo ya baba yake, hata fahali ambaye Losike alipewa jina lake. Asiye na mifugo hana malisho ya kuhamia, na kazi za mjini walikuwa nazo watu wa Kenya, kama Waturkana walivyoiita nchi yote ya kusini. Basi alichota maji ya mbuzi wa wengine, na mbingu aliyoiona mchana kutwa ilikuwa na ukubwa wa karai.

Mwaka wa sabini na tano ikavuma habari: bwana mmoja wa kiwanda cha Nakuru angekuja Kakuma kutazama mechi, achukue wachezaji wawili, awape na kazi.

Barasa akamweka Losike kando. "Nikiita 'Kisima', unasimama chini ya pete. Unapewa mpira, unamtolea mwenzako Mutua nje. Wakimkimbilia, anakurudishia. Mpira ukirudi, usimpe mtu. Geuka, utupe. Mgeni anatazama anayefunga."

"Nimesikia, mwalimu."

"Ukifika Nakuru, kaka, jifunze kuinama," Ekiru, mchezaji mwenzake, akamtania. "Huko nyumba zina milango."

Siku ya mechi watu wa Kakuma walimkejeli Losike tangu mwanzo. "Mnara wa Lodwar! Unangoja mvua?" Mechi ilikwenda sare mpaka mwisho, mgeni kwenye kiti chake akichezea kofia.

Ndipo Barasa akapiga kelele, "Kisima!"

Losike akapokea, akamtolea Mutua. Walinzi wakatoka mbio. Mutua akarudisha. Lakini wawili wa Kakuma waligutuka, wakageuka, wakambana Losike katikati, kifua na mgongo, kama kuta za shimo. Juu ya mikono yao pete ilikuwa wazi. Kwa urefu wake angeweza. Alichokiona ni Mutua amenyoosha viganja.

Kisimani, aliye chini hanywi kabla ya mbuzi wa mwisho. Akilamba hata tone, walio juu hunyamaza, na hakuna anayeimba naye tena. Losike alilelewa hivyo tangu alipoanza kutembea. Mikono ikatoa kabla kichwa hakijasema.

Mutua akafunga. Lodwar wakashinda.

"Nilikuambia usimpe mtu," Barasa akasema baadaye, bila ukali.

"Alikuwa amenyoosha mikono, mwalimu."

Barasa akatazama chini. Mgeni alikuwa tayari anawapa mkono Mutua na Ekiru, aliyefunga mengi kipindi cha kwanza. Losike hakuulizwa hata jina.

Vijana wa leo wangecheka. Wao hawana haja ya wimbo wa mtu yeyote.

Lori la Kitale liliondoka Lodwar asubuhi. Mutua na Ekiru walikwisha panda juu ya magunia. Mizigo yao ilikuwa bado chini, kwenye vumbi. Losike, aliyekuwa akipita kuelekea laga, akasimama.

"Ejok," akawasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-nooi," Ekiru akajibu, akageuza uso.

Mutua akanyoosha mikono. Losike akainua sanduku, akampa. Akainua la pili, akampa. Lori likanguruma, likawachukua, na hakuwaona tena.