Nywele za Msiba wa Machibya

Matilda Machibya wa Usevya alikuwa mrefu tangu utotoni, mrefu wa kuinama mlangoni, na watu hawakumwacha apumue. Walimwita Mlingoti. Walimuuliza kama huko juu mvua imeshaanza. Baba yake, mzee Machibya, Msukuma aliyehamia Mpimbwe na ng'ombe akaishia kulima mpunga, naye alikuwa mrefu vile vile, na ndiye pekee aliyeufurahia urefu ule. "Huyu kanichukua mimi," aliwaambia wageni. "Miguu yangu, nywele zangu, na ubishi wangu pia." Na kweli nywele za Matilda zilikuwa za baba yake, nyingi, nyeusi, za kuvunja vitana.

Alipomaliza kidato cha nne na matokeo yakagoma, Matilda aliona bora urefu wake sasa umletee faida. Msichana kutaka kuwa modo si kosa, na mimi simcheki. Ninaowachukia ni wale waliomwona anataka sana, wakajua kwamba anayetaka sana hathubutu kuuliza.

Mwaka jana lilikuja tangazo kwenye grupu la WhatsApp: usaili wa mamodo, Mpanda mjini, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mavazi. Malipo hakuna, ila "utajulikana". Utajulikana na nani, hapakuandikwa. Mwenye shughuli aliitwa Bashiru, kijana wa kutoka Dar aliyejiita dairekta. Msaidizi wake alikuwa Zakia, dada wa pale pale Mpanda, ambaye kazi yake ilikuwa kutuma meseji za masharti, halafu kutuma meseji nyingine za kuyageuza.

Masharti ya kwanza yalisema shati jeupe na suruali nyeusi. Matilda akaazima shati la kwaya, akapanda basi linalokatiza hifadhini, akafika mjini amejaa vumbi. Bashiru alimtazama kuanzia viatuni. "Nani kakwambia uje kama mhudumu wa hoteli?"

Wakatembezwa kwenye kokoto na viatu virefu tangu asubuhi mpaka alasiri, dairekta akiongea na simu yake. Mara watabasamu, mara wasitabasamu. Mwisho akamwambia Matilda apunguze. Apunguze nini, hakusema, na Matilda hakuuliza. Alirudi nyumbani akapunguza kila kitu, msimu mzima wa palizi akila nusu sahani ya ugali, mpaka siku moja akaona kizunguzungu katikati ya majaruba ya mpunga.

"Hao watu wanakulipa?" baba yake akamuuliza.

"Bado, baba. Kwanza wanatuangalia."

"Hata ng'ombe huwa anaangaliwa," mzee akasema. "Lakini anayekuja kumwangalia anakuja na hela mfukoni."

Walicheka wote, Matilda naye akacheka. Lakini akaendelea kwenda.

Safari ya pili Bashiru alimsifu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alizishika nywele zake kwa vidole viwili akasema, "Hizi ndizo zimekubeba, mrembo. Asilia kabisa. Ukizigusa tu, umetoka." Zakia akalituma sharti hilo kwenye meseji: nywele asili, ndefu, zisikatwe kamwe. Matilda aliisoma meseji ile mpaka akaijua kwa moyo.

Mavuno yalipoanza, mzee Machibya alianguka shambani, mundu ukiwa mkononi. Hata usafiri wa kumpeleka hospitali haujapatikana, alishakata roho.

Alizikwa, na siku ya kuanua matanga ikafika. Katika ukoo ule kila mtoto wa marehemu hunyolewa nywele zote, nazo hukusanywa kwenye kitambaa kimoja na kuzikwa miguuni pa kaburi. Hizo ndizo nywele za msiba. Mjane hunyolewa wa mwisho, watoto wote wakishamaliza, na kabla ya hapo hatoki uani wala hashiki mundu. Wadogo wawili wa Matilda walinyolewa na shangazi yao, dada wa marehemu. Ilipofika zamu ya Matilda, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Jumamosi," akasema. "Nawaomba mpaka Jumamosi tu. Nina usaili wa mwisho, wamesema nisiziguse. Nikirudi mninyoe."

"Hicho ni kichwa gani kisichofiwa?" shangazi akaja juu. "Hizo nywele zenyewe ni za marehemu! Mrudishie!"

Matilda alimgeukia mama yake. "Mayu, nakuomba."

Marta, mjane, alikuwa mkekani, na mpunga wa mumewe umeiva, unaanza kupukutika, ndege wanaushukia. Kila mtu pale alijua kwamba akikubali, atakaa akiutazama tu. "Nenda," akasema. "Nitakungoja."

Jumamosi ile ukumbi wa Mpanda ulikuwa na wasichana wachache tu waliobaki. Bashiru aliingia amechelewa, ana mashine ya kunyolea mkononi.

"Konsepti imebadilika. Nataka vipara."

Matilda alidhani ni utani. "Kaka, si ulisema zisiguswe?"

"Nilisema lini? Wewe ndo ulisikia hivyo. Modo habishani na dairekta, mrembo. Kama hutaki, mlango ule pale."

Zakia alikuwa ameshika simu yenye meseji ile ile. Aliangalia chini akanyamaza, na mimi ukimya wake unaniudhi kuliko maneno ya Bashiru.

Angeweza kuondoka. Lakini alimfikiria mama yake aliye mkekani, akajiambia kwamba nyumbani nako jioni hii hii atanyolewa, tofauti iko wapi? Kipara ni kipara. Afadhali apate kazi, na nyumbani wamkute tayari. Wazo lile lilimtuliza kabisa. Akakaa kwenye kiti.

Nywele za mzee Machibya zilianguka sakafuni penye maganda ya karanga na vizibo vya soda. Msichana mmoja aliambiwa afagie, akafagia. Bashiru alimzunguka Matilda na kumpiga picha, yeye na wenzake wawili, mpaka simu yake ilipoita. Akasikiliza, akaguna.

"Dah, poleni. Mteja anataka rasta. Tutawapigia."

Hata maji ya kunywa hawakupewa. Kwenye basi, mbung'o wa hifadhini walimuuma shingoni palipozoea kukingwa na nywele. Alilia kidogo, kisha akafuta uso. Angalau mama yake leo ataondoka mkekani.

Walikuwa wakimngoja. Shangazi alishafungua wembe mpya, na Marta mwenyewe ndiye aliyeleta beseni la maji. Uso wake ulikuwa na nafuu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Shikamoo, Mayu," Matilda akasema, akaifungua khanga kichwani. "Msihangaike. Nimeshanyolewa."

Marta aliliweka beseni chini.

"Nani kakunyoa?" Marta akauliza.

"Kule. Kwenye usaili."

"Ulinyolewa kwa msiba wa nani?"

Matilda aliirudisha khanga kichwani.

"Na nywele ziko wapi?"

"Wamefagia, Mayu."

Hapo ndipo alipoelewa. Alielewa yote kwa mara moja.

"Piga magoti," Marta akasema.

Alipiga magoti. Shangazi akatandaza kitambaa chini ya kidevu chake. Marta alichota maji, akakilowesha kichwa kitupu, akachukua wembe, akaupitisha polepole kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Akarudia tena, na tena, pembeni, nyuma ya masikio, kama vile zipo. Kwenye kitambaa yalidondoka maji, halafu machozi ya mama.

"Hakuna cha kuzika," shangazi akasema kwa sauti ndogo. Hata hasira ilikuwa imemwisha.

Marta aliufuta wembe akaufunga kwenye karatasi yake. "Basi tutangoja ziote," akasema, akarudi mkekani kuketi na nywele zake.

Kulipokucha Matilda aliuchukua mundu wa baba yake akashuka majarubani peke yake. Alikata mpunga kichwa wazi, jua likimwakia, punje zikipukutika kila aliposhika shuke. Mama mmoja wa jirani akamwona toka njiani, akasimama akaweka mzigo chini.

"Pole, mwanangu. Umefanya vizuri kumnyolea baba yako."

Matilda aliinama, akaendelea kukata.