Mnada wa Sauti ya Chini

Kama hujamwona Sikuli akiuza kabichi nje ya kanisa, pole yako. Katika mtaa wetu hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, watu huleta matoleo ya shamba, ndizi, maharage, kuku, na ibada ikiisha yote yanauzwa kwa mnada pale uwanjani. Miaka mingi muuzaji alikuwa yeye. Sauti yake ilifika mtaa wa pili, na ulimi wake ulimchekesha hata bahili mpaka anyooshe mkono. Mke wake Débora, mama wa Hadassa, alizoea kulalamika kwamba nyumbani mzee hasemi, maneno yote anawawekea kuku wa kanisa.

Kisha ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni ukachanika kwa ndani, akaanguka. Hakufa, lakini aliishi na maumivu ya mgongo huku mshipa ukizidi kuvimba, mpaka jamaa wakampeleka Inde, yaani India. Waganga wa hospitali ya kule walimfanyia kazi mbili: kwanza walifungua kifua, wakageuza njia za damu inayopanda kichwani, halafu wakapitisha mrija kupitia kwenye paja, wakauweka ndani ya mshipa. Akarudi mzima, Mungu asifiwe. Ila neva ya sauti inapita palepale, nayo iliumia, kama walivyomwonya kabla. Sikuli akawa anaongea kama mtu aliyejifunika blanketi.

Picha za mwisho zilionyesha mrija umekaa vizuri, lakini sehemu ya chini ya mshipa, huko tumboni, bado inachungwa. Donc, kwa hiyo, dawa ya presha kila siku, asibebe mzigo, asipige kelele. Débora aliyashika maagizo hayo kuliko Amri Kumi. Mzee akikohoa tu, mama ameshasimama.

Mnada akapewa Éliakim, shemasi kijana. Mtu mzuri sana, lakini kuuza hajui: anataja kitu, halafu anangoja. Jumapili moja kabichi ilikosa mnunuzi, watu wakaanza kwenda zao. Sikuli kwenye benchi hakutulia.

"Mama Hadassa, uniache nisimame kidogo," akasema.

"Utauzisha na sauti gani? Munganga alisema nini?"

"Alisema hapana kupiga makelele. Kusema, hakukataza."

"Leo utasema, kesho utapiga makelele. Ninakujua."

"Mais mama, balinitengeneza ile mushipa juu nipate kuishi. Tangu nirudi ninakaa tu. Hii njo kuishi?"

Débora akainama kufunga kitenge chake upya, na Sikuli, kama waume wote, akahesabu hilo kuwa ruhusa. Akaenda mbele. Éliakim akamshikia kabichi.

"Hii kabichi imetoka Luofu," Sikuli akaanza kwa ile sauti ya kukwaruza.

"Elfu kumi," Débora akasema.

Watu wakageuka. Kabichi moja, bei ile? Ikawa yake. Ikaja ndizi, mzee hajamaliza kuitaja, mkewe ameshainunua. Maharage vilevile. Alitaka vitu viishe upesi, mume wake akae chini kabla mshipa haujachoka.

"Mama, unafungua boutique ya chakula?" akauliza Eliezer, mfanyabiashara wa kakao aliyekuja kutoka Beni kusalimia ndugu. Uwanja ukacheka. Sikuli naye akacheka, mabega tu, bila sauti.

Akabaki jogoo. Débora alikuwa tayari kusema bei, ndipo akaona kwamba wale waliokuwa wanaondoka wamerudi. Wamesogea mpaka karibu, akina mama wanawanyamazisha watoto, kwa sababu asiyesogea hasikii. Na mzee hakuwa anapiga kelele hata kidogo.

"Huyu jogoo ni ya Mama Jemima," Sikuli alikuwa akiwaambia. "Anawikaka katikati ya usiku, anawaza ni saa ya maombi. Mwenye atamununua, atakuwa mutu wa kuomba sana, apende asipende."

Kicheko kikapasuka. Eliezer akanyoosha mkono, mwingine akapandisha bei, Eliezer akarudi tena. Sikuli aliwageukia huyu na huyu, uso umechangamka, uso ambao Débora alikuwa hajauona tangu siku alipoanguka.

Mkono wa Débora ulikuwa umeshainuka nusu. Aliogopa, tusidanganyane, aliogopa sana, na kesho angeogopa tena. Akaushusha ule mkono, akaukalia, akamwacha mume wake aseme.