Ndoo ya Wadudu

Juzi, nikipita Busisi, niliona magugu maji yamejaa tena ufukoni, na harufu yake ya kuoza ikanirudisha nyumbani, Magu.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, bwana mmoja wa serikali aliacha ndoo barazani kwetu, akaenda kutafuta mtumbwi. Nikainua kifuniko, nikachungulia. Wadudu wadogo wa kahawia walikuwa wakikwaruza ndani. Sisi tulikuwa watu wa pamba. Tangu nijue kutembea nilifundishwa kwamba mdudu ni wa kuua. Nikajua hawa wamekuja kutumalizia shamba. Nikaipua sufuria ya maji ya ugali, nikayamimina yote ndooni, nikafunika.

Aliporudi nilisimama wima nikingoja kusifiwa. Alifunua ndoo, mvuke ukamrukia usoni.

“Nani amefanya hivi?”

Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka shambani, aliiona sufuria mkononi mwangu.

“Ni mimi,” akasema.

“Mama, hawa wanakula magugu maji tu. Tumewalea miezi mingi,” bwana yule akamwambia.

Akachuchumaa, akawachambua mmojammoja kwa kidole hadi akapata wawili waliokuwa bado wanatembea. Wapiga kasia wanne wa mtumbwi alioupata waliondoka naye ufukoni na wadudu hao wawili.